Jezi za duka la Kamalondo: kitambaa, mshono, na jina la anayelipa

Duka ninalolitathmini hapa liko Kamalondo, mtaa wa mji wa Lubumbashi nchini Kongo, hatua chache kutoka uwanja wa TP Mazembe, katika safu ya vibanda vinavyouza jezi na skafu siku za mechi na nguo za kawaida siku nyingine. Halina bango, na hata lingekuwa nalo nisingelitaja, kwa sababu nitakayoyasema yanayahusu karibu maduka yote ya jezi ya Lubumbashi, kuanzia hapo hadi soko la mtaa unaoitwa Kenya. Nilinunua jezi tatu: ya nyumbani ya Arsenal, ya mazoezi ya Barcelona, na ya Mazembe iliyoshonwa hapa hapa mjini. Nimezivaa na kuzifua, nami nimezipima kama mtu apimavyo nguo yoyote, isipokuwa nimeongeza kipimo kimoja ambacho wauzaji hawajakizoea, yaani jina la mdhamini lililowekwa juu yake. Anayenunua jezi hununua pia tangazo, akalitembeza barabarani bila kulipwa hata franka moja. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza tangazo hilo limetoka wapi, kama anavyouliza uzi utadumu muda gani.

Kuhusu nguo yenyewe sina mengi. Jezi mbili za kigeni ni nakala zilizotengenezwa China na kuingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wala hakuna anayedanganywa, maana jezi halisi ya Arsenal huuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni 80 na hapa unaombwa dola 12. Wekundu wa Arsenal hautoki majini, na kola imekaa vizuri, ila mshono wa kwapani ni wa uzi mmoja na utafumuka mapema kwa anayecheza kweli. Ya Barcelona ni nyepesi zaidi, inafaa kwa joto la Oktoba, lakini inawasha shingoni. Zote mbili zimekatwa ndogo: anayevaa L achukue XL bila kubishana.

Sasa mkono. Kwenye mkono wa kushoto wa jezi ya Arsenal kuna maandishi meupe ya Visit Rwanda, ambayo katika nakala hii hayakuchapwa ndani ya kitambaa bali yamebandikwa kwa joto, kipande chembamba kama ngozi ya kitunguu, kinachoanza kuinuka pembeni kikifuliwa kwa sabuni ya kipande. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa hiyo ni kasoro ya ubandikaji tu. Kwa mnunuzi wa Kongo, kubanduka huko huenda kukawa sifa.

Tangazo hilo liliingia kwenye jezi ya Arsenal mwaka 2018, kwa mkataba na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ambao vyombo vya habari viliukadiria kuwa wa pauni milioni 10 hivi kwa mwaka. PSG ikafuata mwaka 2019, Bayern Munich mwaka 2023, na Atlético Madrid mwaka 2025. Mwanzoni lawama nyingi zilihusu jambo jingine: iweje nchi inayopokea misaada iilipe klabu tajiri ya London? Mimi lawama hiyo sikuiona kuwa nzito. Kila nchi ina haki ya kuuza mandhari yake, na Rwanda imeuza vizuri, kwa kuwa mapato yake ya utalii ya mwaka 2024 yalitangazwa kuwa dola milioni 647. Sokwe wa milimani wanaopamba matangazo hayo wanaishi pia upande wetu, katika hifadhi ya Virunga, lakini kushindwa kwetu kuwatangaza si kosa la jirani.

Kilichobadilisha hesabu ni vita. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti Julai 2024 kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya ardhi ya Kongo wakipigana upande wa waasi wa M23. Goma ilianguka tarehe 27 Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Judith Suminwa aliliambia Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva kwamba watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameuawa tangu Januari. Rwanda inakanusha kuiunga mkono M23 na inasema hatua zake ni za kujilinda dhidi ya FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda lililoko mashariki mwa Kongo. Waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia Arsenal, Bayern na PSG akizitaka ziachane na fedha hizo.

Majibu yalikuja kila moja kwa mwendo wake. Mashabiki wa Bayern waliinua mabango uwanjani, na Agosti 2025 klabu hiyo ikaugeuza mkataba wa kibiashara kuwa ushirikiano wa kukuza vijana. Arsenal ilitangaza Novemba 2025 kwamba mkataba wake utakoma msimu wa 2025/26 ukimalizika, baada ya baadhi ya mashabiki wake wenyewe kuendesha kampeni. PSG, kinyume chake, iliurefusha wa kwake Aprili 2025 hadi mwaka 2028. Hii ndiyo klabu inayomilikiwa na Qatar, na Qatar ndiyo mwenyeji wa mazungumzo ya Doha kati ya serikali yetu na M23. Mpatanishi na muuza tangazo wanakula sahani moja, na sijasikia mtu wa Doha akiulizwa kuhusu hilo.

Klabu hutetea mikataba ya namna hii kwa kusema kwamba mkataba ni mkataba na hauvunjwi kwa habari za magazeti. Mimi huikumbuka Schalke 04. Klabu hiyo ya Ujerumani ilivaa jina la Gazprom tangu mwaka 2007, na Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022 jina hilo lilitangazwa kuondolewa siku ile ile, kisha mkataba ukavunjwa kabla mwezi haujaisha. Wakati huo Schalke ilikuwa daraja la pili na ina madeni, kwa hiyo fedha iliyoitupa ilikuwa chakula chake cha kila siku. Arsenal, yenye kipato kikubwa mara nyingi zaidi, ilihitaji miezi tisa kutangaza na msimu mzima kumaliza. Tofauti haikuwa katika sheria wala katika hesabu. Mashabiki wa Schalke wana majirani wa Kiukraine, na waandishi wa habari waliokuwa wakiwauliza maswali kila asubuhi walikuwa wa mjini kwao. Wetu waliokufa Goma hawakuwa majirani wa mtu yeyote London.

Wengine wataniambia kwamba mnunuzi wa Lubumbashi hana dhambi, maana nakala ya dola 12 haimpi Arsenal wala Rwanda senti. Hoja hiyo inaonekana nzuri mpaka uipindue. Klabu hupata hasara kwa nakala, ndiyo, lakini mdhamini hapotezi kitu. Yeye hakununua kitambaa, alinunua macho, na nakala inayovaliwa kwenye basi la kwenda Katuba inampatia macho hayo bure. Mtengenezaji wa China hajalipwa na Kigali, wala mwenye duka, wala mimi, na bado sote watatu tumelifikisha tangazo hadi Katanga. Kwa sababu hiyo nadhani swali la udhamini ni zito zaidi kwetu sisi wa nakala kuliko kwa mwenye jezi halisi, ambaye angalau anaweza kuiandikia klabu na kusema, mimi ni mteja wenu.

Hapo ndipo duka hili lilinishangaza kwa wema. Nilipokuwa nikijaribu saizi aliingia kijana, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mzaliwa wa Bukavu, akasema: “Jambo, mama. Nipatie Arsenal, lakini ile ya mkono muitoe.” Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakushtuka. Alimjibu: “Mwanangu, mimi nauza nguo, siuzi vita. Pita nyuma, fundi atakutolea.” Kijana akaeleza, bila kuulizwa, kwamba Arsenal ni yake tangu utotoni na hawezi kuiacha kwa sababu ya wakubwa waliosaini karatasi, mkono ule ndio si wake.

Nyuma ya pazia kuna fundi wa kubandika majina na namba, na kumbe kazi ya kubandua imekuwa sehemu ya biashara yake. Hutoza franka 5,000. Umeme ukiwepo hutumia mashine ya kukandamiza, na SNEL wakikata hutumia pasi ya makaa: anapasha upande wa ndani wa mkono, anasubiri gundi ilegee, anaivuta herufi moja moja kwa kibanio, kisha anapangusa kwa kitambaa kilicholowa kiyeyusha rangi. Nami nilimpa jezi yangu. Herufi zote zilitoka, lakini gundi ilibaki ikinata na kushika vumbi, na pasi ilipitiliza kidogo hata ukingo wa mkono ukakunjamana. Kwa franka 3,000 zaidi angefunika pale kwa kibandiko cha bendera ya Kongo; nilikataa, kwa sababu sikutaka kuondoa tangazo la serikali moja na kuweka la nyingine. Pamoja na kasoro zake, hii ndiyo huduma bora ya duka zima. Apunguze moto tu.

Nilipoirudisha jezi mwilini niliona jambo ambalo mkono ulikuwa umelificha. Kifuani imeandikwa Emirates, jina lililokaa hapo tangu mwaka 2006 na ambalo uwanja wenyewe unaitwa kwalo. Shirika hilo la ndege ni mali ya serikali ya Dubai, mojawapo ya Falme za Kiarabu, na Sudan inazituhumu Falme hizo kuwapa silaha wapiganaji wa RSF wanaopigana na jeshi lake. Falme zinakanusha, na kesi ambayo Sudan ilifungua mwaka 2025 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliondolewa kwa kuwa mahakama haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza. Sisi Wakongomani tunautazama mkono. Mtu wa El Fasher, Sudan, atakitazama kifua. Fundi wa Kamalondo hawezi kubandua kifua chote, na hata angeweza, hakuna Mkongomani aliyewahi kumwomba.

Jezi ya pili inatuhusu kwa njia nyingine. Nyani haoni kundule, na ya Barcelona niliyoinunua ina maandishi mgongoni: R.D. Congo – Cœur d'Afrique, ambayo katika nakala hii herufi mbili zilizoshikana za neno Cœur zimetengana na kuacha pengo la kidole. Julai 2025, miezi sita baada ya Goma kuanguka, serikali yetu ilitangaza mkataba wa miaka minne na Barcelona, ambao shirika la habari la Reuters liliukadiria kuwa wa zaidi ya euro milioni 40. Karibu wakati huo huo ilikuwa imesaini pia na AS Monaco na AC Milan. Maelezo rasmi ni kwamba tunaitangaza nchi, tunavutia wawekezaji, na vijana watapata kambi za mafunzo ya michezo.

Hapa watu wengi niliozungumza nao walitaka nisiandike, wakisema kwamba kulinganisha mikataba hiyo na ule wa Rwanda ni kuwasaidia maadui. Silinganishi. Fedha ya mtu anayetuhumiwa kuvamia nyumba ya jirani na fedha ya mwenye nyumba anayefuja akiba yake si dhambi moja. Lakini ukiiandikia Arsenal barua mwanzoni mwa mwaka kuiambia kwamba kuna fedha ambazo klabu haipaswi kuzipokea, huwezi mwezi wa saba ukawa ndiye mwenye kutoa fedha ambazo klabu ilipaswa kuziuliza maswali. Swali ambalo Barcelona ilipaswa kuliuliza ni jepesi: nchi yenye vita mashariki, yenye mamilioni ya watu waliokimbia makazi, yenye ligi ambayo klabu zake huhangaikia tiketi za ndege kila msimu, inanufaikaje na maandishi nyuma ya fulana ya mazoezi? Anayejua kuwa mteja wake amekopa ada ya shule na bado anamuuzia suti ya harusi hajavunja sheria yoyote.

Na Barcelona wanalijua swali hilo, kwa sababu waliwahi kulijibu kwa uzuri kuliko klabu yoyote. Mwaka 2006 waliweka jina la UNICEF kifuani, na badala ya kulipwa, wao ndio waliolipa, euro milioni 1.5 kwa mwaka. Miaka minne baadaye walitangaza mkataba na Qatar Foundation, wa kwanza katika historia yao wa kulipwa kwa ajili ya kifua, na UNICEF ikahamia mgongoni. Mkono mtupu haulambwi, na klabu yenye madeni hutafuta pa kulamba. Ila mtu akikuonyesha kwamba anajua njia nyingine, huwezi tena kumhurumia kwa kupotea.

Jezi ya tatu ndiyo niliyoipenda kama nguo. Mazembe hii imeshonwa na mafundi wa hapa, mistari nyeusi na myeupe, mamba wake amedariziwa kwa uzi na si kubandikwa, kifua hakina tangazo, na bei ni dola 8. Kitambaa ni kizito, utatoka jasho, na mistari ya pembeni haikutani sawasawa kwenye mshono, lakini uzi ni wa nguvu.

Hata hivyo, asiseme mtu kwamba hii ndiyo jezi safi. Klabu hii iliyoanzishwa na watawa Wabenedikto mwaka 1939 ilikuja kuchukua jina la Englebert, chapa ya matairi ya Ubelgiji iliyoidhamini, na ni kwa jina hilo ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Wazee wa Kamalondo bado wanaita Englebert kwa mapenzi. Ni mpira wa matairi, hapa, katika nchi ambayo damu iliyomwagwa kwa ajili ya utomvu wa mpira enzi za ukoloni haijakauka katika simulizi za mababu. Na hakuna aliyeona haya, mimi mwenyewe nikiwemo, maana jina limeshakuwa letu na kiwanda kimeshasahaulika. Tena tangu mwaka 1997 klabu imebebwa na mtu mmoja, Moïse Katumbi, mfanyabiashara aliyetajirika katika kazi za migodi, gavana wa zamani na aliyegombea urais mwaka 2023. Klabu inayomtegemea mwanasiasa haina haja kubwa ya tangazo kifuani.

Ila nitaitetea kwa jambo moja la hakika. Oktoba 2023, katika African Football League, mashindano ambayo yalikuwa na Visit Rwanda miongoni mwa wadhamini wake, Mazembe ilikataa kulivaa tangazo hilo. Haikungoja Goma ianguke, wala haikungoja barua ya waziri. Inaonyesha kwamba klabu ya Afrika, yenye bajeti ambayo Arsenal ingeitumia kumlipa mchezaji mmoja, inaweza kuingia uwanjani na kipande cha mkono kikiwa tupu na mechi ikachezwa dakika 90 kama kawaida.

Kuna lawama moja kwa duka ambayo siwezi kuiacha. Kwenye kamba ya nguo za watoto, kwa urefu wa mtoto wa miaka sita hivi, zimetundikwa jezi za klabu za Uingereza zenye majina ya kampuni za kamari kifuani, mojawapo ikiwa Everton yenye Stake. Uingereza yenyewe haiuzi hivyo: jezi za watoto huko hutolewa bila matangazo ya kamari, kwa utaratibu uliowekwa na kampuni hizo zenyewe tangu mwaka 2007, na klabu za Ligi Kuu, ambazo 11 kati ya 20 zilivaa kamari kifuani msimu wa 2024/25, zilikubaliana mwaka 2023 kuyaondoa matangazo hayo kifuani mwishoni mwa msimu wa 2025/26. Mtengenezaji wa nakala hajali, anapunguza tu jezi ya mtu mzima. Kwa hiyo mtoto wa Lubumbashi anavaa kile ambacho mtoto wa Liverpool amekingwa nacho, kisha anapita mbele ya kibanda cha kubeti kilicho mlango wa tatu kutoka dukani. Nilimwambia mama mwenye duka. Alisikiliza kwa heshima, akasema wazazi huchagua rangi, hawasomi. Nadhani anasema kweli, na ndiyo maana yeye, anayesoma, angeweza kuagiza nyingine.

Mapendekezo yangu ni haya. Mazembe nunua, na uinunue katikati ya juma, kwa sababu wikendi ya mchuano na Lupopo, watani wa mji huu huu, bei hupanda hadi dola 12 na saizi kubwa huisha. Arsenal inunue kama ni klabu yako, ukiwa na franka 5,000 za fundi mfukoni, na umwombe akujaribie joto kwenye kipande kidogo kabla ya kugusa mkono. Barcelona ya mazoezi iache ilipo. Kama unataka rangi zake, ya mechi inayotundikwa pembeni yake haina maandishi ya nchi yetu mgongoni na kola yake haiwashi. Ya watoto omba zile zisizo na jina la kamari, zipo chache chini ya rundo. Mama hupunguza dola moja ukichukua mbili, habadilishi jezi iliyokwisha kupita kwa fundi, na risiti hutoa ukimwomba.